Barua kwa binti yangu: kortini usiape, na kazini usiseme "iko njiani"

Mwanangu mpendwa,

Nimepata ile meseji yako ya Jumapili usiku na nimekaa nayo kabla ya kujibu, kwa sababu uliuliza vitu viwili na mimi naona ni kitu kimoja. Umeitwa korti ya Makadara uwe shahidi wa ile ajali ya matatu na mtu wa boda, na unakumbuka babu yako alikuwa haapi, sasa karani akikupatia Biblia uishike uape ufanye nini. Halafu chini kabisa ukaandika kama unauliza tu kwa kupita, kwamba bosi amewaambia kila kastoma akiuliza mzigo wake wapi mjibu "iko njiani" hata kama bado uko stoo, na hiyo ni dhambi ama ni kazi tu. Na ukaongeza kwamba Rahabu, yule mwanamke wa Yeriko aliyewaficha wapelelezi wa Israeli, pia alidanganya na Mungu akamhifadhi.

Nianze na korti, hiyo ni rahisi.

Sheria ya Kenya haikulazimishi kuapa. Ile sheria ya viapo, Sura ya 15, inampa mtu ambaye imani yake inakataza kuapa nafasi ya kuthibitisha tu, yaani kuahidi atasema ukweli bila kuapa, na neno lake linabeba uzito ule ule, na akidanganya baada ya hapo anashtakiwa sawa na yule aliyeapa. Hata Katiba ya 2010, wale wanaoingia ofisi kubwa wanachagua kuapa ama kuthibitisha. Kwa hivyo jina lako likiitwa mwambie karani kwa heshima, "Naomba kuthibitisha, imani yangu hainiruhusu kuapa." Basi. Usiseme kwa sauti ya kuonyesha watu kwamba wewe ni mtakatifu kuliko wao, wengi walioshika hiyo Biblia kabla yako wamesema ukweli mtupu.

Lakini nataka ujue hiyo nafasi ilitoka wapi, maana haikuanguka tu. Kuna mama mmoja anaitwa Margaret Fell, Uingereza huko, mjane mwenye watoto, mmoja wa Friends wa kwanza, hili kanisa letu ambalo wengine wanaliita Quakers. Mwaka 1664 alisimamishwa mbele ya korti ya Lancaster akaambiwa aape kiapo cha utii kwa Mfalme Charles wa Pili. Hakuwa na shida na mfalme, alikuwa tayari kumtii, ila kuapa alikataa kwa sababu Kristo alisema usiape. Korti ikampa kifungo cha maisha na kumwondolea mali yake, akakaa ndani mpaka 1668. Mwaka huo huo, korti hiyo hiyo, George Fox, kiongozi wa hao Friends, alipewa Biblia aapie, akawaambia kitabu hiki mlichonipa mkononi ndicho kinasema usiape kabisa, sasa mbona mnanifunga mimi na kitabu hamkifungi. Alifungwa pia. Ni mpaka 1696 ndio bunge la Uingereza likapitisha Friends wathibitishe badala ya kuapa. Kwa hivyo wale wamisionari watatu wa Friends waliofika Kaimosi, huku kwetu magharibi mwa Kenya, 1902 walikuja na kitu ambacho watu walikuwa wameshakilipia jela, na babu yako alikipokea hivyo, hakukipokea kama desturi ya wazungu. Leo nchi yetu ndio ina Friends wengi kuliko nchi yoyote duniani, na wakati mwingine naogopa tumebaki na jina na majengo na sare.

Sasa kwa nini usiape. Soma Mathayo 5 kutoka mstari wa 33, usome polepole. "Wala usiape kwa kichwa chako, maana huwezi kufanya unywele mmoja kuwa mweupe au mweusi." Halafu, "Bali maneno yenu yawe Ndiyo, ndiyo, Siyo, siyo, kwa kuwa yazidiyo hayo yatoka kwa yule mwovu." Babu yako alikuwa akituambia hivi: mtu akikwambia haki ya Mungu leo nasema ukweli, muulize jana alikuwa anasema nini. Ukiapa unakubali kwamba kuna maneno yako ya aina mbili, yale ya kortini yenye Mungu anasikiliza, na yale mengine ya kila siku. Na Yesu anasema ni aina moja tu. Ndio maana nimekwambia maswali yako ni moja. Ukikataa kuapa pale Makadara asubuhi halafu saa nane urudi kazini uandike "iko njiani", hapo hujashika imani ya babu yako, umeruka kiapo tu. Ni heri basi ushike Biblia uape kama wengine.

Kitu kingine kuhusu hiyo kesi kabla sijaiacha. Ulisema ndugu ya yule kijana wa boda amekupigia simu anakuomba useme matatu ilikuwa na spidi sana, kwa sababu kijana mguu umevunjika na wao hawana kitu. Namhurumia, na najua wewe unamhurumia zaidi kwa sababu ulimwona chini pale barabarani. Lakini wewe mwenyewe uliniambia uliona gari likivuka mstari, spidi hukuiona, uligeuka uliposikia breki. Basi sema uliona likivuka mstari. Wakikuuliza spidi sema sikuona. Kwa Kutoka 23 kuna mstari watu hawausomi sana kanisani, mstari wa 3, "wala usimpendelee mtu maskini katika neno lake", na huyo ndiye Mungu ambaye kila mahali kwingine anapigania maskini. Huruma yako kwa huyo kijana ina njia nyingi za kupita. Mtembelee, mpelekee chakula, changa pesa ya hospitali. Isipitie kwa ushahidi. Na pia ujue wakili wa ule upande mwingine akikushika kwa neno moja ambalo hukuliona, hata lile uliloliona kwa macho yako halitaaminika tena, na kijana ndiye ataumia.

Sasa kazi. Hapa nitakaa kwa sababu mimi pia, na cherehani yangu, ni mtu wa kastoma.

Unajua sifa ya mafundi wa nguo hapa Chavakali. Fundi akikwambia Ijumaa, ukienda Ijumaa unapata kitambaa hakijakatwa hata. Watu wanadhani ni uvivu na si uvivu. Ni kwamba Januari mtu anakuja na kitambaa cha yunifomu ya mtoto, na mbele yake kuna foleni, na fundi anaogopa akisema ukweli huyu mtu ataenda kwa cherehani ya jirani, kwa hivyo anamwambia "kuja Ijumaa", na mtu akishaacha kitambaa na kulipa nusu hawezi tena kwenda mahali. Fundi anajua vizuri sana Ijumaa haitawezekana. Hiyo Ijumaa ni kamba ya kumfunga mtu asiondoke. Na "iko njiani" ya bosi wako ni kamba hiyo hiyo, kwa sababu kastoma akijua mzigo bado uko stoo anaweza kusema basi nirudishieni pesa yangu ninunue kwingine, na ndio maana haambiwi. Mmechukua uamuzi uliokuwa wake.

Hapa ndipo uongo unaniuma mimi hata kuliko ile ya kuvunja amri, ingawa amri ni amri. Paulo kwa Waefeso 4:25 anasema tuvue uongo tuseme kweli kila mtu na jirani yake, na sababu anayotoa ni moja tu, kwa maana tu viungo kila mmoja kiungo cha wenzake. Huyo mama anayengojea kitanda cha mtoto kutoka kwenu amepanga siku yake na maneno yako. Amekosa kwenda kazini akae nyumbani angoje mtu wa boda ambaye hajatoka, pengine amemwambia mume wake kinakuja leo, pengine ameshampatia mtu kile cha zamani. Wewe umeandika maneno mawili kwa simu na yeye ametembea juu yake siku nzima.

Mimi kwa meza yangu nina kile kitabu unachokijua, naandika jina na tarehe, na kama Januari imejaa namwambia mtu hapo hapo, siwezi kumaliza kabla ya tarehe 20, ukiona ni mbali peleka kwa mwingine, mimi na wewe hatutakosana. Wengine wanaenda. Hiyo ni pesa inaondoka na inauma kwa sababu ndio mwezi sisi pia tulikuwa tunatafuta karo yenu. Lakini yule anayebaki anabaki akijua, na tarehe 20 anakuja mara moja anachukua anaenda, hakuna mtoto anarudishwa nyumbani kwa kukosa sare huku mama yake amesimama kwangu analia. Na ikitokea umeme umepotea ama cherehani imeharibika nampigia simu kabla ya yeye kutoka nyumbani. Hata Paulo alibadilisha safari, soma 2 Wakorintho sura ya 1, alikuwa amepanga kupitia kwao na hakuja na wakaanza kusema ndiyo yake ni siyo. Kitu alichofanya ni kuwaandikia awaeleze kwa nini. Kubadilika kwa mambo si uongo. Kunyamaza ukijua yamebadilika, hapo ndio unaanza.

Friends wa kwanza kule Uingereza walipitia hii ya biashara pia. Wakati huo dukani muuzaji anataja bei ambayo hatarajii kuipata na mnunuzi anataja bei ambayo anajua ni ndogo, wanasukumana mpaka katikati. Wao wakaona hiyo ni ndiyo ambayo si ndiyo, wakaanza kutaja bei moja. Mwanzoni watu waliwakimbia. George Fox ameandika kwamba baadaye watu waligundua hata ukimtuma mtoto mdogo kwa duka la Friends atauziwa sawa na mtu mzima, na kastoma wakarudi. Sikwambii hii ufikiri ukweli huleta pesa kila mara, kuna wale utawapoteza na hawarudi. Na pia sisemi kila mama wa soko la Gikomba anayeanzia juu ni mwongo, pale kila mtu anajua bei ya kwanza si ya mwisho kwa hivyo hakuna aliyedanganywa. Lakini akisema "hii hata mimi nilinunua mia tano, haki ya Mungu", na alinunua mia mbili, hapo ameshavuka.

Haya, Rahabu. Uliniletea Rahabu kwa hivyo wacha nikuongezee na wale wazalisha wa Kutoka 1, Shifra na Pua. Farao aliwaambia waue watoto wa kiume wa Waebrania, hawakuua, walipoulizwa wakasema wanawake wa Kiebrania wanazaa kabla ya mzalisha kufika. Na Biblia inasema Mungu akawatendea mema wale wazalisha. Sitazunguka hapo, imeandikwa hivyo. Na mwanzo wa 2008, kwenye zile ghasia za baada ya uchaguzi, kulikuwa na watu nchi hii waliowaficha majirani ndani ya nyumba zao, wakasimama mlangoni wakaulizwa wako hapa, wakasema hapana. Mimi siwezi kukaa hapa na kikombe cha chai niwahukumu watu hao.

Kuna waliosema hata hapo usidanganye. Augustino, askofu wa Hippo, kaskazini mwa Afrika yetu hii, Algeria ya leo, alishikilia hivyo. Karibu mwaka 395 aliandika habari ya askofu mmoja wa Thagaste anaitwa Firmus ambaye alimficha mtu aliyekuwa anatafutwa na maafisa wa Kaizari. Walipomuuliza alisema siwezi kudanganya na siwezi kumtoa mtu. Wakamtesa, hakusema kingine. Wakampeleka mpaka mbele ya Kaizari, na Kaizari alimstaajabia mpaka akamsamehe yule aliyefichwa. Ni habari inayonipa nguvu sana kwa sababu watu wengi tunafikiri mlangoni pale ni kudanganya ama kumtoa jirani, kumbe kuna mtu alisimama katikati akapigwa yeye. Lakini pia najua si kila mlango una Kaizari wa kustaajabu mbele yake.

Sasa niambie wewe, kwa hiyo "iko njiani", nani anaokolewa? Shifra na Pua waliweka shingo zao kwa Farao ili watoto wa wenzao waishi. Rahabu angeweza kuuawa na watu wa Yeriko. Uongo wao uliwagharimu wao na ukamsaidia mwingine, huu wenu unamgharimu mwingine na unamsaidia bosi. Nimeona hii tabia hata kwa wazee wa kanisa, mtu akitaka kutetea uongo mdogo wa pesa anaenda kukopa habari ya mtu aliyekuwa anaokoa uhai. Usifanye hivyo mama. Kama unataka kuandika "iko njiani" kwa sababu unaogopa kufukuzwa, sema hivyo, hiyo ni sababu ya kweli na tunaweza kuiongelea.

Kuna nyingine hukuuliza lakini inanisumbua na ni ya sisi wa kanisani zaidi kuliko ya maduka. Ahadi. Harambee ya kanisa ama ya bili ya hospitali, mtu anasimama anataja elfu tano, watu wanapiga makofi, jina linaandikwa, na pesa haiji. Ama kwa lile grupu la WhatsApp la familia, "nitatuma jioni", na jioni hiyo haifiki, na wenye mgonjwa walikuwa wamehesabu. Mtu akiwa hana si dhambi. Anania na Safira wa Matendo 5, wale waliouza shamba wakaficha sehemu ya pesa, hawakuanguka kwa kutoa kidogo, Petro alimwambia Anania waziwazi shamba lilikuwa lako, na hata baada ya kuuza pesa ilikuwa mkononi mwako. Angesema naleta nusu ingekuwa sawa kabisa. Alitaka kuonekana ameleta yote. Afadhali useme mia mbili na utume mia mbili, ama useme mwezi huu sina, kuliko elfu tano ya makofi. Yesu alisema habari ya wale vijana wawili wa Mathayo 21, mmoja aliambiwa aende shambani akakataa, baadaye akajuta akaenda, mwingine akasema "Naenda, Bwana", asiende. Huyo wa "Naenda" ndiye tumemjaza makanisani, ana heshima sana na hayuko shambani.

Na "nitakuombea". Hiyo neno inatoka mdomoni kwetu kama salamu. Ukimwandikia mtu nitakuombea, weka simu chini umwombee saa hiyo hiyo hata kama ni kwa matatu na ni maneno matatu, halafu ndio utume. Ama usiseme.

Pia usigeuke kuwa wale watu wanasema "mimi huwa nasema ukweli tu" na kila mahali wakipita wameacha mtu analia. Mtu akija kwangu na kitambaa ambacho hakitamkaa vizuri namwambia hakitakukaa na namwonyesha kingine, simwambii amenenepa. Waefeso 4:29 inasema neno jema la kumfaa mwenye kuhitaji. Kama ukweli haumfai kwa lolote na haujaulizwa, kunyamaza si uongo.

Sasa bosi. Usianze na vita na usianze kwa kumwambia mbele ya wenzako yeye ni mwongo. Ongea naye peke yake, asubuhi kabla simu hazijaanza, na uende na kitu mkononi. Mwambie utaandika hivi: "Mzigo wako bado uko stoo, tunatarajia utoke kesho mchana, nitakujulisha ukitoka." Mwambie akupe wiki mbili ujibu wako hivyo aone kama kweli kastoma wote watadai pesa, mimi naamini wengi watangoja, maana kitu kinachowafanya watu wapige simu mara tano kwa siku ni kwamba hawaamini jibu la kwanza. Pengine atakubali, watu wa biashara wakiona simu zimepungua wanasikia. Akikataa, mwombe akuhamishe upande wa kupakia ama wa vitabu, mahali hutalazimika kuandika hayo maneno kwa mkono wako. Akikataa hiyo pia basi tutajua, na hapo sitakwambia ni kitu kidogo kwa sababu najua kodi ya nyumba Nairobi na najua kazi zilivyo. Zaburi 15 inamsifu mtu ambaye "ingawa ameapa kwa hasara yake, hayabadili maneno yake", na neno hasara liko pale, hawakulificha. Usiache kazi kwa hasira ya siku moja. Anza kutafuta nyingine ukiwa bado ndani, na kwa muda huo kila meseji yenye jina lako iwe ya kweli, hata kama wenzako kwa meza ya pili wanaandika lingine.

Nimeongea na baba yako, amesema ikifika mahali pabaya tutasaidia na kodi mpaka upate kitu, si pesa nyingi lakini ipo, na hilo tumelisema tukijua tunachosema. Kwa hivyo ukienda kwa bosi usiende ukitetemeka. Nipigie ukishaongea naye uniambie alivyojibu, na unitumie tarehe kamili ya korti.

Mama yako.